Kikao cha Kujadili Kifua cha Mama wa Kabichi

Msomaji wangu, wiki hii tumemzika, kule kijijini Werugha, yule mama aliyekuwa akishusha kabichi kila alfajiri soko la Voi, mbele ya duka langu la kwanza. Nasema la kwanza kwa sababu sasa ninayo kadhaa, na shule niliiacha darasa la sita. Saratani iliyomfanya akatwe titi ilirudi, safari hii kwenye mapafu. Ndivyo daktari alivyosema. Lakini matangani nikasikia shemeji zake wakinong'onezana kwamba kilichomuua ni lile titi alilojengewa. Watu wazima, wamevaa suti! Ujinga kama huo hata mbuzi wangu hawana.

Mimi nilikuwepo, kwa hivyo hawawezi kunidanganya. Alipokatwa, daktari alimwambia anaweza kujengewa titi kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe, au abaki hivyo, aamue yeye. Basi ukoo wa mumewe ukaitisha kikao, nami nikaalikwa niwe mwenyekiti, maana Voi hii kikao cha maana hakianzi bila mimi. Wanaume tukajaa sebuleni, mwenye kifua akaachwa jikoni na wifi zake. Shemeji mkubwa akafungua: "Mama mzima, watoto wameshaoa, titi la nini? Anataka kumnyonyesha nani?" Wakacheka. Mwingine akasema aulizwe mume. Mume, kama kawaida yake, akatazama viatu.

Mara mama mwenyewe akatokea jikoni na birika mkononi. "Shemeji, hayo meno yako ya mbele ni ya bandia. Kikao chake kilifanyika lini? Mbona sikualikwa?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka.

"Nimemuuliza daktari hatari zake. Nimeongea na mama mmoja wa Taveta aliyekataa, na mwingine aliyekubali, na kila mmoja ameridhika. Mimi nataka nikioga nisigeuze uso. Nimeshasaini. Mwenyekiti, funga kikao."

Nikafunga. Nani angebisha?

Sasa hao hao ndio waliogombania maikrofoni kaburini: "Tulisimama naye." Walisimama wapi? Mwanamke mmoja atajengewa, mwingine atajaza kitambaa kwenye sidiria, mwingine atatembea hivyo hivyo, na wote wako sawa. Asiye sawa ni yule anayedhani kifua cha mke wa ndugu yake ni shamba la ukoo, anaweza kuliwekea mipaka. Hawa wameshindwa kuamua hata bati za nyumba zao, mimi ndiye ninayewauzia, najua, lakini mwili wa mtu wanauamua kabla chai haijapoa.

Nilimvuta shemeji mkubwa kando nikamwambia, na wewe msomaji ujiambie siku utakapoitwa kikao kama kile: "Saratani ilimnyang'anya titi. Ninyi mlitaka kumnyang'anya hata uamuzi mmoja iliomwachia."