Mdudu wa Mwalimu wa Kwaya

Kabla sijaanza, chekeni kabisa mmalize, kwa sababu nikifika katikati sitaki mtu anishike mkono kuniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Mimi, mwalimu wa kwaya wa kanisa la Wasabato kule kwetu upande wa Itumbe, mwanamke ambaye kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wasichana nikiwaeleza kwamba uso aliouumba Mungu hauhitaji fundi wa pili, nilinaswa nimevaa kope za bandia, na aliyeninasa hakuwa mtu, ilikuwa mashine.

Chanzo ni shingo. Tezi yangu ya shingoni iliamua kufanya kazi kupita kiasi (sijui nani aliipa ovataimu), nikakonda, moyo ukawa unakimbia hata nikiwa nimekaa, na macho yakaanza kutoka nje. Siongezi chumvi. Ngozi za juu ya macho zilirudi nyuma nikabaki nimekodoa saa zote, hata nikiomba, mpaka mume wangu akirudi kutoka zamu yake ya kiwanda cha chai anauliza, "Sasa nimekosa nini?" kabla sijafungua mdomo. Hayo ningeyavumilia, lakini sketi nyekundu za kwaya nazo zikaanza kuonekana, kwa jicho la kushoto, kama zimeanikwa juani mwaka mzima. Daktari wa macho aliposikia habari ya sketi hakucheka. Alisema misuli iliyo nyuma ya macho imevimba na huenda inaubana mshipa wa kuonea, na mshipa huo ukibanwa muda mrefu jicho linazima, kwa hivyo nikapigwe picha ya MRI mjini Kisii haraka ili aone huko nyuma kukoje.

Niliogopa, nawaambia ukweli. Lakini mtu anaweza kuogopa upofu na bado akawa na wasiwasi wa kalenda. Kwaya yetu hutoa kalenda kila mwaka, na kwenye picha tuliyokuwa tumepiga nilikaa katikati kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe, kwa hivyo mpiga picha alikuwa amekubali nirudi studio peke yangu aniweke upya kwa kompyuta. Basi nikapanga mambo yangu vizuri: asubuhi picha ya mashine, mchana picha ya kalenda, siku moja, safari moja.

Hapo ndipo ule uamuzi mdogo ulipoingia. Nilikuwa sokoni Daraja Mbili nikichambua mitumba, natafuta blauzi nyeupe, na kando yangu kulikuwa na msichana anauza vipodozi. Akaniangalia macho, akanihurumia, akasema, "Mama, macho kubwa si shida, shida ni yamekaa bure. Weka kope." Nikamwambia mimi ni Msabato. "Ndio nakupea hizi ndogo, za mke wa pasta, hakuna mtu anajua. Na hakuna gundi. Unapaka huu wanja, kope zinajishika zenyewe, ziko na sumaku kidogo tu." Sumaku. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili, nikalibeba nyumbani pamoja na blauzi, na halikunisumbua hata kidogo.

Siku yenyewe nikazivaa alfajiri nikiwa nimejifungia chooni na kioo cha mkononi, kisha nikafunika kila kitu kwa miwani nyeusi, ambayo nilikuwa na ruhusa nayo kwa sababu mwanga ulikuwa unaniumiza. Nilisindikizwa na Mama Mogaka, shemasi wetu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na kufuli.

Tukafika, tukaketi, na aliyetoka na fomu mkononi kuja kuniandaa alikuwa Kwamboka.

Ngojeni niwaeleze Kwamboka ni nani. Alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya yangu, sauti ambayo sijapata nyingine mpaka leo. Sabato moja ya wageni alikuja na rangi ya waridi mdomoni, kidogo tu, nikamwita mbele, nikatoa leso yangu, nikamfuta midomo wanakwaya wote wakitazama. Alikwenda na hakurudi, na mimi (Mungu anisamehe) nilikuwa nikikisimulia kisa hicho kwenye semina za wasichana kama ushindi. Sasa huyo hapo, mtaalamu wa picha, koti jeupe, ananiita "mwalimu" kwa adabu ileile na kuniuliza maswali taratibu: nina kifaa cha moyo, nina skrubu mwilini, nina klipu kichwani.

"Na machoni, mwalimu? Umepaka wanja, ama kope za kubandika? Ni lazima niulize, kwa sababu ni macho tunapiga."

Mama Mogaka akacheka mpaka akashika kiti. "Unauliza huyu? Huyu?"

Hapo ningesema tu. Ningeomba kwenda chooni. Badala yake nikanyoosha shingo yangu yenye tezi nikasema, "Kwamboka, unanijua."

Akainamisha macho, akaweka alama kwenye fomu. Ndiyo, alikuwa ananijua, na alivyonijua hakuthubutu kunichungulia usoni hata nilipovua miwani na kufumba macho nikilalamikia taa.

Nikalazwa kitandani, nikawekewa kitu kama kizimba cha kuku mbele ya uso na kupewa mpira wa kubonyeza nikizidiwa, na kitanda kikaanza kuingia kwenye lile shimo polepole, mimi naomba kimoyomoyo kwa ajili ya jicho langu la kushoto. Mara nikahisi ngozi ya jicho inavutwa juu. Nikaomba zaidi. Ikavutwa zaidi, kisha pap, kitu kikachomoka kikapita juu ya paji la uso, na kile cha upande wa pili, ambacho kilikuwa kimeshika nusu, kikageuka kikasimama wima katikati ya jicho langu, cheusi, kina miguu mingi. Jamani, nilisahau kwamba nilikuwa nimevaa kope. Nilisahau kabisa.

"Mdudu! Nyasae one, Mungu wangu, mdudu jichoni!" Nililia kwa sauti ya kifua, ile ninayofundisha ifike mpaka benchi la mwisho, na nikaubana ule mpira kama nakamua ng'ombe.

Kwamboka akanitoa mbio. Akaangalia uso wangu, akaangalia mdomo wa mashine ambako kope ya kwanza ilikuwa imejibandika kama kiwavi kwenye jani la ndizi, akaelewa yote. Alizikusanya kwenye tishu. Alipofungua mlango kuleta pamba, tishu bado mkononi, Mama Mogaka alikuwa papo hapo ananyoosha shingo, na akaona: vitu vyeusi, vyenye miguu.

"Ndiye huyo ametolewa?"

"Mama, mambo ya mgonjwa siwezi kuongea," Kwamboka akasema, na kwa Mama Mogaka hilo lilikuwa jibu tosha.

Kisha akafunga mlango. Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba mashine ile yenyewe ni sumaku kubwa, kwamba wanja ule una vumbi la chuma, kwamba ungeweka doa jeusi palepale daktari alipotaka kuona, na pia ungeweza kuniunguza. Akachovya pamba kwenye mafuta. "Fumba, mwalimu." Akanifuta taratibu, jicho moja, kisha la pili. Picha ikapigwa upya ikatoka safi, na wakati wa kuondoka akanipa ile tishu. Daktari alisema misuli ilikuwa imeanza kuusukuma ule mshipa lakini hatujachelewa, nikaanzishiwa dawa ya dripu, na leo sketi zimerudi kuwa nyekundu.

Mngedhani yameisha. Sabato iliyofuata Mama Mogaka akasimama wakati wa ushuhuda akaeleza kanisa zima jinsi mashine ya Kisii ilivyomvuta mwalimu mdudu kutoka nyuma ya jicho, na kwamba ndiye aliyekuwa akisukuma macho nje. Watu wakasema amina. Mimi nilitazama kitabu cha nyimbo. Ningenyamaza hata leo, lakini tukiwa tunatoka nje kusubiri ibada ya alasiri, nyanya mmoja mgeni kutoka upande wa Nyamira, shingo imevimba na macho kama yangu, alinishika mkono. "Mwanangu, nimeacha zile tembe. Kumbe ni mdudu. Niambie ni mashine gani."

Nikaona kwa macho yangu haya makubwa nilichokuwa nimefanya.

Alasiri nikasimama mbele. Nikafungua mkoba, nikatoa ile tishu, nikainua kope moja juu kwa vidole viwili. "Mdudu ni huyu," nikasema. "Nimemnunua Daraja Mbili. Nyanya, rudia tembe zako leo hii." Mtu wa sauti ya besi akashindwa kujizuia, na baada yake hakuna aliyebaki, hata mchungaji alikuwa ameficha uso nyuma ya Biblia. Mama Mogaka hakuniongelesha siku tatu (kwake huo ni mfungo).

Kwamboka nilimfuata kwake Kiogoro. Nikamwomba msamaha kwa ile leso, na nikamwomba arudi kwaya. Msamaha alinipa, na chai. Kuhusu kwaya alitabasamu tu. "Yaya, hapana, mwalimu. Niko na kwaya yangu hapa. Na hapa tunapaka."

Kalenda ilitoka na macho yangu vilevile, yamekodoa Januari mpaka Desemba. Na siku hizi hospitali wakiniuliza nimepaka nini, nawatajia mpaka mafuta ya miguuni. Lakini kinachonichoma si kicheko cha kanisa. Mimi nilimfuta yule msichana midomo mbele ya kwaya nzima. Yeye, zamu yake ilipofika ya kunifuta mimi, alifunga mlango kwanza.