Vya Juu na Vya Chini katika Bakuli la Nives

Saa mbili kasorobo asubuhi, treni ya kwenda Ferrara inakata ukungu wa tambarare. Nives Gualandi ameketi dirishani, mikono juu ya mapaja. Mikono hiyo ndiyo inayomsumbua. Siku nyingine, saa kama hizi, ingekuwa imezama kwenye unga. Leo haina kazi, kwa hiyo imejitafutia yenyewe.

Mkagua tiketi anasimama mbele yake. Nives anampa kitu kidogo kilichokunjwa pembetatu, kikazungushwa kidoleni, ncha zake mbili zikabanwa pamoja.

"Mama, hii ni tiketi au chakula?"

"Nisamehe, mwanangu. Vidole vimeshazoea."

"Basi ningoje maji yachemke," anasema yule, huku akiikunjua taratibu ili asiichane.

Ilikuwa Alhamisi ya Februari. Nives, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, alikuwa akisafiri peke yake kwenda kula chakula cha mchana. Jioni ilimpasa arudi Bologna na jibu, na jibu hilo ndilo lingeamua kama mikono yake bado inahitajika.

Kwa miaka arobaini na mmoja amesimama mbele ya kibao cha mbao katika jiko la mgahawa mmoja nyuma ya soko. Anakanda unga na mayai, anausukuma kwa mti mrefu mpaka uwe mwembamba wa kupitisha mwanga. Anaukata vipande vya mraba, anatia nyama, anakunja, anazungushia kidole cha shahada, anabana. Hivyo ndivyo anavyopata vile vifuko vidogo vya supu, tortellini, ambavyo bila hivyo Bologna haijui kuwa ni sikukuu.

"Saba katika kijiko kimoja," anasema. "Vikiingia sita, mkono ni mzito. Vikiingia nane, mwenye mgahawa ni bahili."

Zamani alivunja mayai sitini kila alfajiri. Sasa ni thelathini na tano. Kifundo cha mkono wa kulia kimechoka, na daktari amemwambia bila kuzunguka kwamba hakitapona kwa kazi ileile. Mshahara wake ni euro elfu moja na mia tatu themanini kwa mwezi, na pensheni iko mbali, miaka mitano mbele.

Mwenye mgahawa, Tiziano Melloni, alikulia chini ya kibao hicho akicheza na mabaki ya unga. Ana miaka arobaini na bado humwita shangazi. Wiki ile alimjia na karatasi yenye picha ya mashine ya kufunga vifuko.

"Shangazi, kuna mgahawa Ferrara wanayo mashine kama hii mwaka mzima sasa. Nenda kale. Ukiona tofauti, tunaachana na habari hizi. Usipoiona, Jumamosi namjibu muuzaji."

"Kwa nini usiende mwenyewe?"

"Mimi nataka kununua. Ulimi wangu utasema ninachotaka. Wewe hujui kudanganya, hata kwenye karata uso wako unatangaza."

"Na ukinunua, mimi je?"

"Utakuwepo. Utafanya vichache."

"Vichache vya nani?"

Tiziano alikunja karatasi yake akaenda kupokea mboga.

Ndani ya treni Nives alisali, kimya, rozari ikiwa mfukoni. Hakuomba mashine ishindwe. "Niliomba ulimi wa haki," anakumbuka. "Kwa sababu moyoni nilitaka ishindwe, na Mungu alikuwa anajua kabla sijafungua kinywa."

Mgahawa ule haufungui kabla ya saa sita na nusu. Alikuwa na saa nne za kupitisha katika mji asio na ndugu. Aliingia kanisani, akawasha mshumaa wa marehemu mumewe Adelmo, mtu aliyekuwa akiona kwenda mtaa wa pili ni safari. Kisha, kwa sababu ya baridi, akafuata kibao cha barabarani mpaka jumba la kale la Schifanoia, ambalo sasa ni makumbusho, akakata tiketi ya kuingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia makumbusho bila kusindikiza watoto wa kanisani.

Ghorofani kuna ukumbi uliochorwa miezi ya mwaka kutani. Nives aliwaangalia mabwana na farasi wao kidogo tu. Alisimama kwenye mwezi wa Machi, mahali ambapo wanawake wamekaa kwenye kazi ya kufuma.

"Unawafahamu?" Aliyeuliza ni mlinzi wa ukumbi, mzee aitwaye Learco, aliyekuwa amechoka kukaa.

"Natazama mikono. Huyu anafanya kazi kweli. Yule pale anajifanya."

Learco alicheka puani. Akamwita karibu na ukuta, akamwonyesha mstari mwembamba kama kovu unaopita kati ya sura mbili.

"Hapa ndipo siku ilipoisha. Ukuta unapakwa chokaa mbichi ya kumtosha mchoraji siku moja. Anachora kabla haijakauka. Kesho yake anaanzia hapa."

"Na ikikauka?"

Learco akaelekeza kidevu upande wa pili wa ukumbi, ambako picha zimefifia mpaka ukuta umebaki na madoa. "Kule walichora juu ya pakavu. Unaona mwenyewe."

"Ni kama unga wangu," Nives akasema. "Ukikauka, haufungiki."

"Unatoka wapi, mama?"

"Bologna."

"Ah. Basi leo ndiyo utakula vizuri."

Nives aligusa ule mstari kwa macho tu, kwa kuwa kugusa kwa mkono ni marufuku, akahesabu siku ngapi ukuta mmoja ulikula. Alipofika kumi na kitu akaacha, saa ya chakula ikamtoa.

Kwenye mgahawa, kijana wa kuhudumia alitazama nyuma yake, kisha pembeni yake.

"Unangoja mtu, mama?"

"Hapana. Ndiyo mimi wote."

Akampeleka kwenye meza ya karibu na mlango wa choo, chini ya makoti ya watu yaliyotundikwa. Nives alikaa. Akatazama makoti. Akasimama tena.

"Mwanangu, mimi ni mmoja lakini pua ninayo. Nipe ile ya dirishani."

Akapewa. Akaletewa mkate wao uliosokotwa kama mikono inayokumbatiana, na kijana akatoa kalamu.

"Tortellini kwenye supu," alisema Nives.

Kalamu haikuandika. "Hapa tunaita cappelletti, mama."

"Ni ileile, mmeifanya kubwa."

"Mtu wa Bologna," kijana alisema, kama daktari aliyeona upele anaoujua, akaenda zake.

Bakuli likaja likifuka. Nives alifanya ishara ya msalaba, akachota, akafumba macho. Mchuzi ulikuwa safi. Unga ulikuwa laini, nyama ina chumvi yake. Alitafuna polepole akitafuta kosa, na kosa halikuja. Akachota tena, mara hii kutoka chini. Vilevile. Akachota mara ya tatu, macho bado yamefumbwa, mpaka mama wa meza ya jirani akapunguza sauti akidhani ni sala ndefu.

"Kuna tatizo?" kijana alirudi.

"Naonja."

"Wengine huonja macho wazi."

"Ndani yangu nilisema, Nives, umekwisha," anasimulia. "Nilimwomba Mungu ulimi wa haki, akanipa. Ningemlalamikia nini?"

Alifumbua macho amalizie chakula chake, kwa kuwa kutupa ni dhambi. Ndipo akaona. Vifuko vya chini vilikuwa sawasawa kama vifungo vya shati. Vile vichache vilivyobaki vikielea juu havikuwa sawa. Tundu la katikati lilikuwa jembamba mno, na kila kimoja kilikuwa kimelala kidogo upande wa kushoto. Mtu alikuwa amevifunga. Na hakuvifunga kwa kidole cha shahada.

Akamwita kijana. "Naomba kuzungumza na anayefunga hivi."

"Ana kazi."

"Mwambie ni mwenzake kutoka Bologna."

"Hilo ndilo litamfanya asije."

Lakini alikuja, akipangusa mikono kwenye aproni: Dirce Pavani, miaka sitini na saba, nywele chini ya kitambaa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Unafungia kidole kidogo," Nives alimwambia.

Dirce aliuficha mkono wa kulia chini ya meza. Kisha akautoa akauweka juu ya kitambaa cha meza. Kidole cha shahada kilikuwa kimejikunja na hakinyooki.

"Cha shahada kilikufa miaka mitatu iliyopita. Nikahamia kwa mdogo wake."

"Na vya chini?"

"Vya chini vinajiendea vyenyewe huko nyuma, kwenye mashine. Mimi nafanya trei moja ya juu. Wateja wanapenda kuviona hivyo, na kwenye ubao wa mlangoni imeandikwa vya mkono."

"Mkono umepumzika, walau?"

"Umepumzika. Mwanzo nilimshukuru Mungu." Dirce aliokota kombo la mkate akalibana kati ya vidole viwili. "Kisha siku moja nilichelewa kuja kazini saa nzima. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi."

Jikoni mtu aliangusha sufuria.

"Niambie wewe mwenye kinywa cha Bologna," Dirce akauliza. "Ladha inatofautiana?"

"Hapana, dada."

"Hata mimi siioni," alisema Dirce, na wakacheka wote wawili, kwa sauti ya chini, kama watu waliokutana msibani.

Saa ya treni ya kurudi ilikuwa bado mbali. Nives aliingia makumbusho nyingine, ile ya vyombo vya kale vilivyochimbwa ardhini, akaketi kwenye benchi mbele ya mabakuli meusi ya watu waliokufa kabla ya Kristo. Hakuyaangalia. Alitaka tu mahali pa kukaa ambapo hakuna atakayemuuliza anangoja nani. Alipokuwa tayari, alitoka nje akapiga simu.

"Shangazi? Enhe?"

"Kwa ulimi, sikuona tofauti."

"Una hakika?"

"Nimeonja mara tatu. Nunua."

"Haya. Wewe nitakupa trei ya—"

"Ngoja, sijamaliza. Vya juu sifanyi. Siku za kazi, bakuli lote liwe la mashine, na ubao useme mashine. Jumapili bakuli lote liwe langu, mpaka chini. Usinichanganye nayo."

"Shangazi, wateja wakisoma mashine watakimbia."

"Watakula. Ni vizuri, nimekwambia. Ila usiwaambie ni mkono."

Mzozo ule ulichukua siku mbili, na Jumamosi Tiziano alimwandikia muuzaji. Mashine iliwasili Machi. Ubao wa mlangoni sasa una maneno mawili, mashine na mkono, yanayofutwa na kuandikwa upya, na Tiziano anakiri kwamba Jumatatu ya kwanza aliandika "mashine" kwa herufi ndogo sana. Nives alilifuta neno kwa kitambaa cha sahani akaandika kubwa. Wateja wawili walisoma wakaondoka. Wengine waliingia.

Siku za kazi Nives anaandaa nyama, anaihudumia mashine na kuisema inapokwama. Jumapili anavunja mayai ishirini, na kifundo cha mkono kinamwacha alale. Hajui kama Jumapili zitadumu. Kuna zilizojaa, na kuna moja ya mvua ambapo vifuko vya mabakuli kumi na mawili vilirudi kwenye jokofu. "Nikiona haviliwi, nitaweka mti wa unga chini mwenyewe," anasema. "Lakini nitauweka mimi."

Mara moja kwa mwezi anapanda treni peke yake. Amekwenda Modena, amekwenda Ravenna, na kila mahali anaomba meza ya dirishani kabla hajaonyeshwa ya makoti.

Jumapili ijayo, hata hivyo, hasafiri. Dirce anakuja Bologna na treni ya saa nne, kisha atamsubiri Nives ambaye hatatoka jikoni mpaka saa saba. Tiziano ameshaambiwa meza ni ya dirishani na iwekwe kiti kimoja.

"Atakula kwanza peke yake, kwa utulivu," anasema Nives, akipangusa kibao. "Nataka achimbe lile bakuli mpaka chini. Akute kidole ni kilekile."