Mawese ndani ya Injini ya Kitaliano

Watu wa Kyela mjini walituona wendawazimu, na sikuwa na nguvu za kubishana nao. Nani mwenye akili timamu angemaliza Jumamosi nzima chini ya mabati yanayochoma, akijadili pikipiki za mbio za Kitaliano, tena kuukuu, katika wilaya ambayo mvua zikianza barabara hugeuka majaruba ya mpunga? Sisi tulimaliza. Tulikuwa watatu tu.

Mwenye mali alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, mzaliwa wa Mwaya, aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Karonga kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi, maana nusu ya ukoo wake ilikuwa upande wa Malawi. Biashara ilipofunguliwa, wenzake walinunua mashine za kukoboa mpunga wakajenga nyumba za matofali. Yeye alinunua pikipiki mbovu. Wa pili alikuwa fundi, Mkisi wa Matema, mwenye kibanda nyuma ya soko, mtu asiyependa maneno mengi. Wa tatu ni mimi, nesi wa chanjo niliyeletwa na serikali kutoka Tanga. Nilikuwa naendesha pikipiki ya idara hadi vijijini, sanduku la barafu nyuma, na kwa fundi nilifika kuziba pancha. Pancha ikazibwa, mimi nikabaki.

Mwenye mali alikuwa na pikipiki tatu. Moja aliuziwa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao, nyingine na mwenye duka wa Karonga aliyekuwa anafunga. Ya tatu, nyekundu, iliachwa na mhandisi wa Kitaliano aliyekuja kwa kazi ya barabara. Hiyo ndiyo iliyotutia wazimu. Usukani wake ulikuwa chini sana, mwendeshaji hana budi kulala kifudifudi juu ya tangi. Gia mguu wa kulia, kiki kushoto, kila kitu kinyume na tulivyozoea. Ilikosa koili ya kuwashia moto tu, na koili yake haikupatikana Mbeya wala Dar.

Basi tunangoja koili na tunabishana. Mwenye mali alisema pikipiki kuukuu hainunuliwi kwa macho, hununuliwa kwa pua: fungua kifuniko cha oili, nusa, ukisikia harufu ya kuungua mshukuru muuzaji uende zako. Fundi alisema tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, ujue wengi wameshaifungua na hakuna aliyeiponya. Mimi nilitaka ile nyekundu ipakwe rangi upya, wakanizomea. "Ukipaka rangi, Nesi, umenunua rangi," alisema mwenyewe. Nilinuna mpaka chai ilipokuja.

Masika yakakaribia, na hofu ya kutu. Huku unyevu hauna huruma, hata msumari ukutani hulia machozi ya kahawia. Jumamosi moja mwenye mali alikuja na gazeti kuukuu la Kiingereza alilopewa na yule padri, akatusomea taratibu, neno kwa neno. Lilisema kwamba waendeshaji wa zamani wa Italia, kwenye mbio, walitia injini mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu za mmea, kwa kuwa hung'ang'ania chuma. Akalikunja gazeti akatutazama.

"Mafuta ya mmea," alisema. "Na sisi tunalala juu yake."

Ni kweli, michikichi iko nyuma ya kila nyumba. Tena kule Mwaya mama yake alikuwa akipaka majembe mawese kilimo kikiisha, na majembe hayakushika kutu. Hakuna aliyebisha. Alimimina mawese kwenye tundu la plagi hadi injini ikajaa, akaifunga, akaifunika mkeka nyumbani kwake. Chumba kizima kilinukia mchuzi, naye alitembea kifua mbele kama mtu aliyemshauri Mtaliano.

Baada ya mvua hizo akaanza kukonda. Majirani wakasema amerogwa na wenzake wa mitumba. Mimi nilijua. Miaka ile hapa mpakani tulizika vijana mpaka majembe ya makaburi yakawa hayarudishwi ndani, na hospitalini tulikuwa na vidonge vya kutuliza maumivu na maneno, basi. Nilimkasirikia. Anakohoa, shati linampwaya, na bado anatupigia hesabu za pikipiki ya nne aliyoiona Mzuzu, ati akipata nafuu ataifuata. Nilitamani nimfokee. Siku moja akaniwahi.

"Nesi, usinifiche. Nafuu ipo?"

Nikamfunga kifungo cha shati lililompwaya.

"Basi, ile ya Mzuzu tuwaachie wengine. Mimi nataka nyekundu. Nataka niisikie ikinguruma mara moja tu, kutoka hapa mpaka Matema. Baada ya hapo mnizike mnavyotaka."

Koili ililetwa na shemeji yake kutoka ng'ambo. Fundi akaenda kuifungua injini, nami nikamshikia taa. Yale mawese yalikuwa yameganda kama nta, yamechacha, yamekula chuma. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kana kwamba zilizaliwa pamoja. Fundi alijaribu petroli, akajaribu maji ya moto, akagonga kwa kipande cha mti hadi jasho likamtoka. Haikusogea hata unywele.

"Umwambie wewe," aliniambia. "Umezoea kuwaambia watu."

Nilizoea, ndiyo. Ila huyu sikumwambia, na fundi hakumwambia.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, mkewe alimvika koti zito jua likiwaka. Alinivuta pembeni. "Wifi, akicheka mpelekeni popote," aliniambia. Tukampandisha kwenye ile nyekundu. Akaweka mguu kwenye kiki, akakanyaga. Kiki haikushuka. Akakanyaga tena kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na hazikuwa nyingi. Kisha akainama, akanusa.

"Mawese," alisema.

Tulitazama chini wote. Akaanza kucheka, akacheka hadi kikohozi kikamkamata.

"Mtaliano kagomea chakula chetu. Haya, sukumeni."

Tukaweka gia huru, tukasukuma, fundi upande mmoja, mimi upande wa pili, mkewe nyuma. Yeye alilala kifudifudi juu ya tangi, ndivyo pikipiki ile inavyotaka, shavu limegusa chuma, macho ameyafumba. Tulishika njia ya Mwaya. Kulisikika matairi kwenye changarawe na pumzi zetu. Mkewe alikuwa akilia kimya kimya.

Watu wa huku, maiti ikipitishwa barabarani, husimama. Mzee mmoja alikuwa anakuja kwa baiskeli. Alituona kwa mbali: mtu ndani ya koti amelala hajitikisi, watu watatu wanasukuma polepole, mwanamke analia. Akashuka. Akailaza baiskeli kwenye majani, akavua kofia, akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Hatukuwa na la kufanya ila kuendelea kusukuma, tukamfikia.

Rafiki yetu akainua kichwa. "Ugonile, tata," akamwamkia kwa lugha ya kwao.

Kofia ilimdondoka mzee. "Ndaga," aliitikia. "Ndaga, mwanangu."

Mgonjwa wetu alirudisha shavu kwenye tangi. Nilidhani atacheka. "Nirudisheni," alisema. "Nimeshaona watakavyosimama."

Alifia hospitali ya Tukuyu, mpunga wa mwaka uliofuata ukiwa haujavunwa. Tulikodi gari dogo la mizigo kumpeleka Mwaya azikwe uani kwa baba yake. Lilikuwa na sailensa iliyotoboka, likanguruma njia nzima. Mimi na fundi tulikaa nyuma, jeneza katikati yetu. Pale pale tulipokutana naye, yule mzee alikuwa amesimama kando ya njia, kofia mkononi.

Nikajikuta nalitazama jeneza. Nilikuwa nangoja amwamkie.