Mkuu wa Mume Wangu Alipokuja Waa

Mume wangu alipoandika barua ya kuacha jeshi ili akarushe ndege za abiria, nilifurahi waziwazi, wala sikujificha. Wanetu wawili walizaliwa yeye akiwa kazini, na kila Idi tulimwekea sahani, naye haji. Huko kwenye ndege za abiria wangempa ratiba ya mwezi mzima, siku za kulala nyumbani zikiwemo. Kilichonitia hofu ni kimoja tu: barua ile angeweza kuiondoa mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi moja, yeye akiwa amekwenda Nairobi kuonana na waajiri wapya, mkuu wake jeshini alifika kwetu pwani, Waa, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Alivaa kiraia, kabeba mkate na sukari kilo mbili kama watu wa bara wanavyofanya wakitembelea watu. Nilimtilia chai nikiwa nimekunja uso. Alizungumza kwa muda mrefu, na mwishowe akaomba.

"Mama, tafadhali mwambie abaki."

Mama mkwe alimsogezea mahamri. "Inshallah, baba. Tutamwambia."

Aliondoka uso umemng'aa. Angalikuwa mtu wa kwetu, angalijua kwamba mgeni hakataliwi jambo akiwa amekaa kwako, na kwamba jibu lile lilikuwa la adabu tu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Wacheka nini?" mama mkwe alinikaripia. "Nimepewa ujumbe, nitaufikisha."

Kesho yake mume wangu alirudi. Huyu rubani wetu alikwaruza tena nguzo ya lango kwa gari la ndugu yake, nami nikamtania kama kawaida. Mama alimketisha, akamweleza yote aliyosema mgeni, neno kwa neno: kwamba siku ya mafuriko, aliposhusha helikopta kwenye kiwanja kidogo cha shule na kuwatoa watu, mkuu wake alikuwa kwenye redio akimwombea dua, kwamba hajapata kuwa na rubani kama yeye, kwamba wanawe mwenyewe angewapandisha ndege yake bila wasiwasi.

"Alisema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Mkeo alikuwapo, muulize."

Nilitamani kusema uongo, wallahi. Nikaitikia kwa kichwa.

Aliziweka chini funguo za gari. "Siku ile aliniuliza mafuta yamebaki kiasi gani, basi. Miaka kumi na miwili, mama, nimengojea aniambie hata nusu ya hayo. Angeniambia mwenyewe, barua ile nisingeiandika."

"Na sasa?" nilimwuliza, sauti yangu mwenyewe siitambui.

"Sasa nishatia sahihi kule. Jana."

Nilipata nilichokitaka, na bado nilimwonea huruma yule mkuu, aliyesafiri mwendo wote ule kuja kumsifu mtu ambaye hayupo.