Kiti Kilichojaribiwa Kwenye Joto

Sikuwa nimewahi kuikanyaga theluji siku nilipokubali kuinua kiti cha pikipiki ya theluji, wala sikudhani kwamba hilo lilikuwa na uzito wowote. Nilikuwa na shahada ya uhandisi niliyoipata Kensington, hapa Sydney, nilikuwa na kisu cha umeme cha kukatia sponji, na nilikuwa na imani, ambayo ninayo hadi leo, kwamba chombo ndicho kinachopaswa kumfuata mtu, si mtu kujikunja akifuate chombo. Imani hiyo ilinipeleka katika karakana ya viti huko Wetherill Park wakati wenzangu wa darasani walipokuwa wakitafuta ofisi. Tulitengeneza viti vya malori, vya boti na vya mashine za kunyanyulia mizigo. Kila kiti kilichopita mikononi mwangu nilikihesabu kuwa ni haki iliyorudishwa kwa mgongo wa mtu fulani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Mwenye kiti hicho alikuwa jirani yetu wa Merrylands, mtu mzima kutoka Kongo ya mashariki, ambaye nyumbani kwetu, ingawa sisi ni watu wa Tanga, tulimwita Baba kama wanawe walivyomwita. Goti lake la kulia liliharibika katika kazi ya ghalani, na kwa miaka mitatu hakuna aliyetaka kumwajiri. Hatimaye akapata kazi ya majira ya baridi huko milimani, mwendo wa zaidi ya nusu siku kwa basi kutoka Sydney. Kazi yenyewe ni kuendesha pikipiki ya theluji, ile yenye mkanda mpana wa mpira nyuma na skii mbili za kutelezea mbele, akipandisha mizigo ya wageni na mitungi ya gesi kutoka mahali barabara inapoishia hadi kwenye nyumba za kulala wageni. Alikuwa mtu mwingine kabisa mwaka ule wa kwanza. Mkewe alituambia kwamba alikuwa ameanza tena kuimba bafuni.

Lakini kiti kilikuwa chini mno kwake. Mwendeshaji wa chombo hicho hakai tu; kila afikapo penye matuta au mteremko wa ubavuni hujiinua nusu, akaegemeza uzito wake upande unaofaa, kisha akaketi tena. Kwa mtu mrefu mwenye goti bovu, kuinuka kutoka kwenye kiti cha chini ni sawa na kuinuka kutoka kuchuchumaa, mara mia kwa siku. Mwisho wa msimu goti lilikuwa limevimba kama papai. Msimamizi wake alimwambia waziwazi: mwaka ujao, Jumamosi ya tatu ya msimu, atapimwa kwenye njia yote ya juu, na akilazimika kusimama njiani kulipumzisha goti, nafasi yake itapewa mwingine. Baba akaomba ruhusa ya kukifungua kiti, akaja nacho Sydney akiwa amekikumbatia kwenye basi.

"Mama mhandisi," aliniambia, kwa maana kwao hata binti mdogo huitwa mama, "hii kiti inaniua. Inua kidogo tu."

Ulikuwa mwezi wa tatu. Paa la karakana yetu ni la bati, na feni iliyokuwapo ilizungusha joto badala ya kulipunguza. Nilimtengenezea fremu ya mbao yenye vipimo vya pikipiki yake, nikamketisha, nikapima pembe ya goti na umbali wa mikono hadi kwenye usukani. Nilimwandikia fundi wa kule milimani auinue usukani kiasi, naye akakubali. Kisha nikakijenga kiti kwa matabaka: chini sponji ngumu, juu sponji ile laini ya magodoro ya wagonjwa, ambayo hulipokea umbo la mwili na kulishika. Niliongeza sentimita kumi na mbili. Baba alipoketi, sponji ilididimia sentimita tano, na zile saba zilizobaki ndizo hasa nilizozihitaji. Goti likafunguka. Akainuka nusu, akaketi, akainuka tena, jasho likimtiririka, akacheka. Bosi wangu, ambaye hukagua viti kwa kuvipiga ngumi, alikipiga mara mbili akaondoka bila neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Baba alipanda milimani msimu ulipoanza. Baada ya wiki moja nilimpigia simu.

"Kiti iko bon, mama. Kabisa. Mungu akubariki."

Wiki ya pili nikampigia tena, akanijibu maneno yaleyale. Ninakiri kwamba nilianza kusimulia habari za kiti hicho kwa watu ambao hawakuniuliza.

Jumatatu ya wiki ya tatu nilikutana na mkewe karibu na maduka ya Merrylands. Alinishika mkono, akatazama pembeni.

"Nikuambie kitu, usimwambie kama ni miye nilisema," alisema. "Baba anaanguka. Mara tatu sasa. Pikipiki inalala, yeye inamutupa. Juzi aliangukia bega."

"Mbona aliniambia kiti ni kizuri?"

"Ungetaka akuambie nini? Mtoto ya watu amejitesa kwa ajili yako, halafu umuambie kazi yake ni mbaya? Hapana. Anasema usiambiwe, utaumia roho."

Niliumia zaidi ya roho. Wasiwasi wake wa kuniudhi ulikuwa ukimwangusha chini, na ni mimi niliyempa cha kuangukia. Nilimpigia pale pale barabarani, nikasahau hata salamu.

"Baba, nisamehe, lakini naomba ukweli. Asubuhi ukikaa, kiti kinakuwaje?"

Upepo wa kule ulikuwa ukipuliza kwenye simu. "Mama, unajua huku iko baridi."

"Kinakuwaje?"

"Asubuhi iko kama jiwe. Miguu haikanyagi vizuri, niko juu sana, kama mutu anakaa juu ya meza. Nikiirudisha ndani karibu ya moto, inalainika tena. Lakini usijali."

Nikaelewa yote kwa mara moja, na kuelewa huko hakukuwa na faraja hata chembe. Sponji inayoshika umbo la mwili hulainika kwa joto na hukakamaa kwa baridi. Nilifundishwa jambo hilo darasani, nikalijibu kwenye mtihani. Lakini nimezaliwa Tanga, nimekulia mahali ambapo mtu huvaa sweta kwa sababu ya mvua, na nilipokuwa katika karakana ile yenye joto la tanuri, nikimpima mtu anayetoka jasho, haikunijia hata mara moja kujiuliza kiti kitakaliwa wapi. Kwenye theluji sponji yangu haikudidimia zaidi ya sentimita moja. Sentimita saba ziligeuka kumi na moja, uzito wake ukapanda juu, na kwenye kila mteremko wa ubavuni chombo kikampindua. Miaka yote ya chuo, na yote niliyoyahubiri kuhusu chombo kumfuata mtu! Nilimfuata mtu hadi kwenye goti lake, nikasahau kuifuata hewa anayoipumua.

Kipimo chake kilikuwa Jumamosi. Nilimsihi akifungue kiti siku hiyohiyo na kukituma kwa basi la usiku, naye wakati huo atumie kile cha akiba, cha chini, kinachomtesa. Alikubali kwa unyenyekevu ulionichoma zaidi. Jumanne asubuhi nikakipokea kituoni. Kona moja ya ngozi bandia ilikuwa imekwaruzwa vibaya, na nilijua mkwaruzo ule umetokana na nini.

Nilihitaji baridi. Bosi aliniruhusu kutumia sponji yoyote iliyokuwapo, lakini hatukuwa na friza ya kuingia kiti kizima. Nikaenda kwa mwenye bucha wa Merrylands, mtu wa Mombasa, mpana, mwenye mdomo mkali, ambaye mama yangu hununua nyama kwake.

"Mjomba, nakuomba niweke vipande vya sponji kwenye chumba chako cha baridi."

"Sponji! Wataka kuniuzia magodoro yalogandishwa?"

Nilimweleza habari za Baba, goti lake na kuanguka kwake. Akapangusa mikono yake kwenye aproni, akanitazama kama anayekadiria uzito.

"Haya, tia. Lakini vifunge nailoni. Na usije ukanambia nyama yangu yanuka gundi."

Niliweka vipande sita vilivyofungwa vizuri, kila kimoja na namba yake kwa chaki. Jumatano nilivitoa, nikavikandamiza kimoja kimoja. Kile cha magodoro ya wagonjwa kiligonga kama ubao. Kipande cha nne, sponji ya kawaida ya viti vya boti ambayo nilikuwa nimeidharau kwa kuwa haina ustadi wowote, kilididimia na kurudi kana kwamba hakijui kilikuwa wapi. Nikakimbia nacho karakana, nikakijenga kiti upya: sentimita tisa tu, kwa hesabu kwamba mbili zitadidimia. Alhamisi asubuhi, saa chache kabla basi halijaondoka, nilirudi bucha nikiwa na kiti, fremu ya mbao, na ombi ambalo niliona haya kulisema.

"Mjomba, uzito wako na wa Baba unakaribiana, hata urefu."

"Eeh?"

"Naomba ukae juu yake. Mle ndani. Robo saa."

Wateja wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Alivaa koti, akaingia, akaketi kwenye kiti cha pikipiki ya theluji katikati ya kondoo waliotundikwa, akaushika usukani wa mbao, nami nikapiga magoti na rula yangu, vidole vikifa ganzi.

"Mimi mtu wa Mombasa wanigandisha kama samaki," alisema, mvuke ukimtoka. "Na hiki kiti chako chanidunga hapa nyuma. Hapa! Wewe wapima goti, makalio je? Mbele chateleza. Nani alokufunza kazi?"

Kila alipolalamika niliandika. Nilipunguza ukingo wa nyuma kwa kisu, nikaongeza kipande mbele, palepale juu ya meza yake ya kukatia, akarudi ndani akalalamika tena, kidogo zaidi, kisha kidogo. Pembe ya goti ilikuwa sahihi. Nilitamani kulia, maana malalamiko ya mtu huyo yalikuwa yamenipa kwa robo saa kile ambacho heshima ya Baba ilininyima kwa wiki mbili, nami sikuwahi kumpa Baba ruhusa ya kulalamika. Nilimwuliza swali moja tu, "Kizuri?", na swali la namna hiyo kwa mtu mwenye adabu lina jibu moja.

Dereva wa basi alikiweka kiti mizigoni. Nilikibandikia karatasi: *Baba, tafadhali tafuta kibaya chake.*

Jumamosi alikuwa ameahidi kupiga simu adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Nilikuwa nimekaa na mkewe jikoni kwao, sufuria ya maharage ikikaukia motoni na hakuna aliyeinuka kuiongezea maji. Kila mmoja wetu alimwona akiwa amelala ubavuni kwenye mteremko; niliiona picha hiyo usoni mwake. Saa nane. Saa tisa. Nilijaribu kuswali alasiri, nikasahau nimefika rakaa ya ngapi, nikaanza upya. Niliwaza kwamba akivunjika, hakuna sheria itakayonitia hatiani, na wazo hilo likanitisha kuliko hukumu yoyote.

Simu ililia saa kumi kasoro. Mkewe alinisukumia mimi.

"Mama mhandisi." Alikuwa akihema. "Upande ya kuume inanibana paja."

Niliikaza simu sikioni.

"Na mgongo, huku chini, inauma kidogo nikishuka. Unasikia? Uliandika nitafute kibaya yake. Nimetafuta."

"Baba, umepimwa?"

"Nimepimwa mara mbili. Ile ya kwanza msimamizi alisema ukungu ilikuwa mingi, hakuona vizuri, turudie. Ndiyo maana nimechelewa. Sikusimama njiani hata mara moja. Wameniacha na pikipiki mpaka theluji iishe. Mwaka kesho hawajasema." Akapumua. "Lakini hii ya paja, mama, usipoitengeneza nitakasirika."

Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, ameufunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Nilivuta bahasha tupu iliyokuwa mezani, nikaomba kalamu kwa ishara.

"Paja la kulia," nilisema. "Ndani au nje?"

"Ndani. Karibu ya goti."

Nikaandika.