Matairi Yenye Meno

Lori la mama lilikwenda Arua na kurudi Koboko kila siku isipokuwa Jumapili, na mimi ndiye niliyeliendesha tangu baba afariki. Sikuwa mtu wa maneno. Abiria walinipenda kwa sababu hiyo. Siku zile dereva aliyejua kunyamaza alikuwa salama kusafiri naye.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, matairi yetu ya nyuma yalikuwa vipara. Dada yangu, aliyeolewa Dranya, alikuwa amebakiza siku chache ajifungue. Mtoto wake wa kwanza alifia ndani ya lori hilo hilo, tumekwama kwenye matope, hospitali ya Arua ikiwa bado mbali. Kwa hiyo mama aliponichukua twende kununua matairi mapya, tulifikiria matope tu.

Mfanyabiashara mmoja Mkongomani pale Arua alikuwa nayo ya aina mbili nyuma ya duka. Ya kwanza yalikuwa na mistari myembamba, mazuri kwa lami. Ya pili yalikuwa mazito, yenye meno makubwa yaliyopangwa kama mishale. Mama aliyabonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuingia.

"Hii haiwezi kufa leo wala kesho, mama," Mkongomani alisema. "Mutu ya barabara ya Koboko atafanya nini na ile ya mistari? Atalala njiani na lori yake kama bwana na bibi."

Mama alicheka. "Huyu? Hata akiona bibi, anaangalia viatu."

Nikaangalia viatu. Kisha nikaonyesha kidole yale yenye meno.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, nilitoka Koboko na shehena ya muhogo. Nilipita Dranya watu wamelala, na matope hayakunishika. Nilifurahi hata nikapiga mluzi. Mchana, baada ya kushusha mzigo Arua, nikarudi kumchukua dada kama tulivyopatana.

Barabarani hapakuwa na mtu. Magunia yalikuwa yameachwa kando ya njia, na moto mmoja ulikuwa bado unafuka. Kwa dada mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe wake, ambaye miguu haikumruhusu kukimbia, alikuwa amekaa ndani peke yake.

"Mama, wako wapi?"

"Nani analeta wewe?"

"Niko peke yangu."

Alinyoosha mkono kuelekea nje. "Asubuhi tuliona ile pale chini. Tukasema wamerudi."

Nikatazama matope. Mishale. Lori la jeshi lililokuja mwezi uliotangulia na kuondoka na wanaume, mume wa dada yangu akiwa mmoja wao, liliacha mishale kama hiyo hiyo. Hakuna aliyerudi. Alama zile nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, na dukani hazikunijia kichwani.

"Lakini ni mimi, mama."

"Wewe iko wewe. Lakini pale chini iko wao."

Honi isingesaidia. Wanajeshi walikwisha kuja na lori walilomnyang'anya mtu wa Koboko, wakapiga honi ambayo watu waliijua. Nikavua viatu, nikaingia kwenye majani marefu, nikaita vile mimi na dada tulivyokuwa tukiita mbuzi wetu utotoni, mwito wetu sisi wawili tu. Niliita mpaka koo likauma. Mwishowe akaitikia, kwa sauti ndogo sana.

Alikuwa amelala juu ya kanga, amekwisha kujifungua. Kiganja chake kilikuwa kimefunika mdomo wa mtoto.

"Tulisikia gari," alisema.

"Ni langu."

Hakuondoa mkono. Alitazama kwanza nyuma yangu. Alipouondoa, mtoto alikuwa na rangi ya majivu. Nilimpulizia usoni, dada akampigapiga nyayo. Akakohoa, kisha akalia kwa nguvu, na sisi wawili tukageuka kutazama upande wa barabara.

Alikuwa msichana. Niliwafikisha yeye na mama yake Arua bila kukwama hata mara moja.

Jioni ile mama alileta msumeno, akanishikia taa, nami nikakata ncha za mishale yote kwenye matairi mapya. Msimu ule tulikwama tena na tena. Watu wa Dranya walirudi kupanda lori, lakini hawakusubiri tena kando ya barabara. Walitoka kwenye majani mmoja mmoja baada ya mimi kusimama, wakainama kutazama matope nyuma ya magurudumu, ndipo wakaniangalia usoni.