Mugaruka Avua Mpira Kiunoni

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye gati la mashua zinazotoka kisiwa cha Idjwi, mtu mzima amelala kifudifudi juu ya saruji baridi. Hapana, hajalala. Ni viwiko na vidole vya miguu tu vinavyogusa chini. Mwili wote uko juu, umenyooka kama ubao wa fundi, na tumbo linatetemeka.

"Soixante-huit, soixante-neuf," rafiki yake Cirhuza anahesabu sekunde kwa Kifaransa, sitini na nane, sitini na tisa, huku akitafuna muhogo. "Pumua, papa!"

Mugaruka Birindwa, mchukuzi wa miaka thelathini na minane kutoka Bagira, anapuliza pumzi na kuendelea. Leo mashua ikifika, kapita Bahizire, msimamizi wa wachukuzi, atampa gunia la kilo themanini alipandishe ngazi ishirini na sita za mawe hadi barabarani. Akifika juu, anarudi kazini. Akishindwa, nafasi aliyoishika miaka kumi na moja anapewa mwingine.

Kila mtu hapa anaujua ubishi uliomfikisha kwenye saruji hiyo. Jumapili baada ya misa, wachukuzi hujenga mwili kwa bomba la chuma lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji. Wanaliinua kutoka chini, wanachuchumaa nalo begani, wanalisukuma juu ya kichwa. Vijana wa ofisini wanaokuja kujipima nao huongeza mazoezi ya tumbo peke yake. Mugaruka aliwacheka kuliko wote.

"Nilikuwa nasema, muzigo njo mwalimu ya tumbo," anasimulia, yaani mzigo wenyewe ndio unaolifunza. "Mutu anabeba kilo quatre-vingts mara quarante kwa siku, tumbo yake inaomba nini tena?"

Kilo themanini mara arobaini kwa siku: maneno hayo yana mantiki. Mwandishi wa habari hizi aliyakubali upesi, kwa kuwa yalimruhusu aendelee kukaa kitini.

Kisha ikaja salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Mugaruka aliinama kuinua jiwe la mtaro, wala halikuwa kubwa, asiweze kunyooka tena. Watu wanne walimbeba hadi nyumbani. Kwa miezi miwili hakuleta nyumbani hata likuta moja, hata senti. Mkewe Nsimire aliwalisha watoto sita kwa kuuza ndizi.

"Kila asubuhi nilimuinua ku kitanda kama mutoto," anasema Nsimire. "Alikuwa anageuza uso ku ukuta. Haya ilimuuma kupita mugongo."

Maumivu yalipopungua, muuguzi wa zahanati, mama Nabintu, alimlaza chali na kumwambia ainuke akae bila kutumia mikono. Mugaruka alijaribu mara tatu, akashindwa mara tatu. Ndipo muuguzi akaona mstari mpana uliozunguka kiuno chake, ngozi laini isiyo na unywele hata mmoja.

"Papa, hii iko nini?"

Ilikuwa alama ya mpira wa ndani wa baiskeli. Kila siku ya kazi Mugaruka aliuzungusha kiunoni mara tatu, akaukaza hadi pumzi ikawa fupi. Siku ya salongo hakuuvaa, maana hakuwa gatini.

"Basi tumbo yako haijabeba kitu," muuguzi akamwambia. "Mupira njo ulibeba. Tumbo iko mwanafunzi mwenye kukopia miaka onze!"

Yaani kwa miaka kumi na moja tumbo lilinakili kazi ya mpira. Tangu hapo ni zoezi la ubao kila asubuhi, kisha kuinuka kutoka chali bila mikono, polepole, mara kumi na tano. Mpira umekatazwa. Hata kapita hautaki: "Ukikatika ku ngazi, gunia itaangukia wenye kuwa nyuma."

Je, ndiyo kusema kila anayeinua vyuma alitengee tumbo muda wake? Hapo mwandishi anakuna kichwa. Cirhuza hajafanya zoezi la tumbo tangu azaliwe, wala hajawahi kuvaa mpira. Alipoombwa alale na kuinuka bila mikono, aliinuka huku akiendelea kutafuna. Mwandishi naye alijaribu. Tusiseme mengi.

Saa mbili na nusu mashua inafungwa kamba, na gunia la maharagwe linatua mabegani mwa Mugaruka. Ngazi ya kumi. Ya kumi na tano. Kwenye ya kumi na nane anasimama. Mkono wa kushoto unateremka kiunoni, unatafuta mpira, unaukosa. Anavuta pumzi, tumbo linakaza lenyewe, mguu unapanda.

Huko juu kapita anapokea gunia bila tabasamu. "Kesho saa moja. Usichelewe."

Mugaruka anaketi, jasho linamtiririka, anacheka peke yake. Jumapili ijayo, anasema, hakuna kubishana kabla kila mtu hajalala chini na kuinuka bila mikono. "Mwenye kuweza, ainue tu bomba yake. Mwenye kushindwa, afundishe tumbo peke yake kwanza. Miye niko wa kwanza ku ile liste."

Na mpira? Nsimire amefungia mlango wa banda la kuku.

Lakini tumaini lake kubwa haliko gatini. "Nataka kuamuka kila asubuhi bila kumusumbua mama Georgette," anasema, akimtaja mkewe kwa jina la mtoto wao. "Leo niliamuka peke yangu. Yeye alikuwa analala."

Nsimire, aliyekuja gatini kumletea uji, anainamisha kichwa ili watu wasione macho yake.

"Sikukuwa nalala, papa Georgette. Nilikuwa nakuangalia."